Mbu Waliokataa Kufa

Walikuwa hai.

Ndiyo, msomaji, wiki iliyopita hukusoma vibaya, na wala mhariri hakusinzia. Mbu wale waliofungiwa ndani ya mrija wenye karatasi ya dawa, mbu ambao kazi yao pekee hapa duniani ilikuwa kufa, walikuwa wamekaa ukutani mwa mrija, makalio juu, wazima kama kigongo.

Kwa uliyejiunga nasi leo nitasema kwa kifupi, maana wenzako wana haraka. Mwanamke tunayemfuata wanafunzi wake humwita Mama Mbu. Anafuga mbu katika chumba cha joto nyuma ya jengo la sayansi la chuo kikuu, ndani ya vizimba viwili vya chandarua. Kizimba cha kwanza wamo Wapole, mbu waliozaliwa humo humo chumbani kizazi baada ya kizazi, hawajui dawa ni nini, na wakiinusa tu wanaanguka. Kizimba cha pili wamo Watukutu, wajukuu wa mbu waliokamatwa mitaani, ambao kwao dawa ni marashi. Kwa sura ni kitu kimoja. Hata Mama Mbu mwenyewe hawezi kuwatofautisha kwa macho.

Utafiti wake wa shahada ya uzamivu, ule wa kumfanya aitwe daktari, umesimama juu ya tofauti ya makundi hayo mawili. Bila Wapole hakuna cha kulinganisha, na bila cha kulinganisha hakuna utafiti.

Na leo ndiyo siku ya jopo. Leo anatakiwa aingie mbele ya wakubwa wa chuo aseme kwa kinywa chake kama anaichukua nafasi ya uzamivu au anaiacha.

Mama Mbu aliutazama mrija. Alijua kwamba hapa mtu hushtuka, hushika kichwa, huita watu. Mwili haukuwa na habari hiyo. Tangu amzike mama yake majuzi alikuwa amekufa ganzi, anakula bila kuonja, anaitikia salamu za watu asiowaona. Majirani walimsifu kwamba ana moyo wa jiwe, msiba wote hakudondosha chozi. Aliwashukuru kwa sifa hizo.

Akagonga mrija kwa ukucha. Mbu wote wakaruka.

"Hm," akasema, akaenda kunawa mikono.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Profesa.

Huyu ndiye msimamizi wake. Kipara, mcheshi, mtu ambaye tangu aajiriwe hajawahi kufunga vifungo vya mikono ya shati. Huikunja mpaka viwikoni hata kwenye picha za mahafali. Leo alikuwa ndani ya suti, na mikono ya shati imefungwa vifungo hadi karibu na saa.

"Bibi harusi wetu! Umejiandaa?"

"Wapole hawakufa, Profesa."

Tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

"Hawakufa wangapi?"

"Hakuna aliyekufa."

Profesa akainama, akavaa miwani, akavua miwani. "Ni karatasi hizo. Zimechakaa."

"Pakiti nimeifungua mwenyewe. Mpya."

"Basi ni mbovu tangu kiwandani. Vitu vya siku hizi!"

Mama Mbu hakubishana. Alinyoosha kidole tu. Kwenye mrija wa akiba, wenye karatasi ya pakiti ile ile, kulikuwa na nzi aliyejipenyeza jana yake kutafuta makazi. Alikuwa chali, miguu juu, marehemu kabisa.

"Karatasi inaua," akasema.

Profesa akafunga mlango kwa nyuma. Sauti ikashuka.

"Sikiliza, mwanangu. Jopo wanakaa sasa hivi. Neno hili liache hapa hapa. Kwanza kubali nafasi, mengine tutayajua mbele ya safari."

"Nikubali utafiti usio na miguu?"

"Miguu itaota."

"Na wakiuliza?"

"Hawataulizia mbu, watakuuliza wewe. Kwani shahada hii unaitaka ama huitaki?"

"Sijui."

"Hujui? Mwaka jana hukunipa usingizi! Kila nikifungua mlango wa ofisi nakukuta umesimama, Profesa hivi, Profesa vile!"

"Mwaka jana nilikuwa najua."

Profesa akageukia mlango. "Nawa uso. Nakusubiri ukumbini," akasema, na kuondoka huku akivuta mikono ya suti yake chini, kama anayeficha kitu.

Uliona, msomaji? Mama Mbu naye aliona. Aliona tu, hakufikiri.

Alichofikiri kilikuwa kingine, na nitakuambia ingawa hakumwambia mtu. Alifikiri kwamba sasa ameponea. Wapole wakiwa wameharibika, hakuna uzamivu, na hakuna atakayesema amekuwa mvivu au kwamba msiba umemvunja. Atarudi nyumbani alale. Alijisikia kama mtu aliyefika kituoni na kuambiwa basi limeshaondoka, hana haja tena ya kukimbia. Karibu afurahi, kama angekuwa na moyo wa kufurahi.

Akavua koti la kazi ili avae nguo ya jopo. Ndipo alipouona mkono wake wa kushoto.

Hapa lazima ujue jambo moja. Watukutu hulishwa damu ya sungura, lakini Wapole ni watoto wa nyumbani, na hula kwa mama. Kila wakati wa kuwalisha Mama Mbu huingiza mkono wa kushoto kizimbani, akatulia, wakala mpaka matumbo yakawa mekundu. Mama yake mzazi hakuchoka kumcheka. "Dunia nzima inaua mbu, mwanangu mimi anawanyonyesha!"

Mwanzoni mkono ulivimba, akajikuna mpaka akachubuka. Baadaye mkono ukawazoea. Miaka imepita, Wapole wanakula na ngozi hailalamiki, haitoki hata kipele.

Jana aliwalisha. Na leo mkono ulikuwa umejaa mabonge mekundu, makubwa kama maharage, kutoka kifundo hadi kiwiko.

Hayakumwasha. Aliyatazama kama mkono wa mtu mwingine aliyekuja kumwomba ushauri. Lakini kichwa cha mtafiti hakifi ganzi moja kwa moja, na kichwa kikaanza kupanga. Mkono huu unawajua Wapole. Waliomuuma jana mkono hauwajui. Basi waliomo kizimba cha kwanza si Wapole.

Akasogea kizimba cha pili. Watukutu walikuwa wamepungua, karibu nusu. Hilo nalo aliliona tangu arudi kazini, akaliacha lipite kama alivyoacha mengine yote.

Mtu amewahamisha. Mtu amewatoa Watukutu akawatia kwa Wapole wakati yeye yuko msibani. Na mtu huyo amewalisha kwa mkono wake, maana kizimba cha kwanza hakina sungura, na mbu hawakai siku zote hizo bila damu wakabaki na nguvu za kuruka namna ile.

Ufunguo alimwachia nani?

Alimwachia Profesa.

Na leo, kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, Profesa amefunga vifungo.

Ukumbi wa jopo una meza ndefu, jagi la maji lililofunikwa kwa kitambaa, na pangaboi linalozunguka bila kuleta upepo. Kichwani mwa meza alikaa Mkuu wa Idara, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, asiyependa hadithi ndefu. Angekuwa msomaji wetu angeanzia mwisho.

"Karibu, na pole sana kwa msiba. Pendekezo lako limepita, limesifiwa, hatuna swali. Tunataka kusikia kwako tu. Nafasi hii unaichukua?"

Profesa alimkonyeza, aseme ndiyo.

"Kabla sijajibu," alisema Mama Mbu, "naomba Profesa akunje mikono ya shati."

Mtu mmoja aliyekuwa akimimina maji alimimina mpaka mezani.

"Unasemaje?" Mkuu akauliza.

"Mikono ya shati. Wapole wamekufa nikiwa msibani. Kuna mtu ameficha. Amejaza kizimba chao kwa mbu wa kizimba cha pili, akawapa damu yake, ili nirudi nisijue, nije hapa niseme ndiyo juu ya utafiti uliokufa. Ufunguo alikuwa nao Profesa. Akunje tuone."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi. Hicho ndicho kilichowaogopesha waliokuwa mezani, maana angepiga kelele wangejua la kufanya.

Profesa alisimama. Alivua koti la suti, akalitundika nyuma ya kiti. Akafungua kifungo cha kulia, akakunja. Akafungua cha kushoto, akakunja mpaka kiwikoni kama kawaida yake, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza.

Ilikuwa safi. Hapakuwa na kipele wala doa.

"Mke wangu ndiye aliyenifungia vifungo," akasema taratibu. "Alisema mwanafunzi wangu wa mwisho anaingia uzamivu, nami mwaka huu nastaafu, basi kwa leo tu nisije kama mchoma mkaa. Nikasema sawa. Nimefunga vifungo kwa heshima yako."

Mama Mbu alijaribu kuona aibu. Aliiona kwa mbali, ng'ambo ya mto, haikumfikia.

"Na ufunguo?" akauliza.

"Ufunguo haukukaa kwangu. Niliitwa safari ya ghafla. Nikapiga simu yako, ikapokelewa na mtu mwingine, akaniambia nisikusumbue, una mama wa kuzika, yeye atalisha. Akaja akauchukua. Akanisihi nisikwambie usije ukapata wasiwasi." Profesa akavuta koti lake kitini. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Mimi si nguo yako."

"Inatosha," akasema Mkuu wa Idara. "Wewe, toka nje. Sisi tunakunywa chai. Chai ikiisha nataka neno moja, ndiyo au hapana. Mashati ya watu sitaki kuyasikia tena."

Kwenye benchi la nje alikaa mumewe.

Tumekwisha kutana naye kwenye hadithi hii. Watu humwita Baba Pacha, kwa sababu ya pacha wao wawili wanaosoma darasa moja na kupigana kila siku. Ni fundi wa friji na mashine za kupoza hewa, mkarimu, mwepesi wa kusaidia hata asipoombwa. Leo alifunga karakana ili amsindikize mkewe. Alikuwa amepakata mkoba wa mkewe magotini kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. Na ndani ya joto lile, joto la kumfanya mbwa ahame kivuli, alikuwa amevaa sweta.

Mama Mbu akasimama mbele yake. Mambo yakaanza kurudi moja moja. Asubuhi, mezani, Baba Pacha akijikuna kiwiko kwa mpini wa bisibisi. Juzi, Baba Pacha akilala na shati. Aliyaona yote hayo. Macho yalifanya kazi yao, mwenye macho hakuwepo.

"Umewaambia ndiyo?" mume akauliza, uso umemng'aa.

"Baba Pacha, kunja sweta."

"Ya nini? Nina baridi kidogo."

"Kunja."

Akaweka mkoba chini. Akakunja sweta kidogo kidogo, huku amegeuza uso ukutani kama mtoto anayedungwa sindano. Mkono ulikuwa umevimba kipele juu ya kipele, vingine amevikuna mpaka vikawa vidonda.

"Mungu wangu," akasema Mama Mbu. "Ulifanya nini?"

"Nilitaka kusaidia."

"Najua ulitaka kusaidia. Ulifanya nini?"

"Siku ya kwanza niliingia, nikakuta chumba kinachemka. Mashine ya ukutani inapuliza moto! Nikasema, maskini mke wangu, kumbe anafanya kazi kwenye chumba kibovu hivi na mume wake ni fundi. Nikapanda juu ya kiti, nikaifungua."

"Usiniambie."

"Nikaitengeneza."

"Ukaitengeneza."

"Ikapuliza baridi safi, Mama Pacha. Baridi ya hospitali! Nikafunga mlango, nikaondoka nimefurahi. Nikajua ukirudi utashangaa."

Chumba kile, msomaji, kinapashwa joto makusudi, na mashine ile ilitafutwa kwa shida ili ipulize joto.

"Kesho yake nikawakuta wako chini," mume akaendelea. "Wale wa kwanza wote. Nikawapulizia, nikawapepea. Hakuna. Wale wa pili walikuwa wamelegea tu. Nikarudisha joto haraka, wakaamka. Nikafikiri, mbu ni mbu. Nikachukua ule mrija wako wa kunyonyea mbu, nikawahamisha nusu. Halafu nikakumbuka wale wa kwanza wanakula mkono. Nikawapa mkono."

"Wewe unayeogopa sindano?"

"Nilifumba macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia lini? Unatoka kumfukia mama, nikuvute pembeni nikwambie na hawa nao wamekufa? Nilishindwa, mke wangu. Nilijua unawapenda."

Kitu kikatoka kifuani kwa Mama Mbu. Kilitoka kama kicheko, cha kumwona mwanamume mzima juu ya kiti akilitengeneza joto mpaka likafa. Kikageuka njiani. Alipokisikia masikioni mwake kilikuwa kilio, na ndani yake ilikuwamo sauti ya mama yake, mwanangu mimi anawanyonyesha, na hakuna tena wa kumcheka. Alilia kwa mdomo wazi, kwenye korido ya chuo, wanafunzi wanapita na vitabu vyao na kujifanya hawaoni. Baba Pacha akamshika mabega. Ulikuwa msiba wake wa kwanza kuulilia, na ulikuwa mkubwa kweli kweli.

Halafu mkono ukaanza kumwasha.

Uliwasha kwa pupa, mabonge yote kwa pamoja. Akajikuna. Akajikuna kwa kucha, akajikuna kwa pete, akausugua mkono ukutani.

"Umeniulia Wapole wangu!" akapiga kelele.

"Nisamehe."

"Miaka yote hiyo nawalea! Nimeacha sikukuu, nimeacha harusi za watu, kwa ajili yao! Unaingia na bisibisi yako!"

"Nisamehe, Mama Pacha. Basi tuache. Hakuna mbu, hakuna shahada. Twende nyumbani ukapumzike, hakuna atakayekulaumu."

Ulikuwa ule ule mlango wa kuponea aliouona chumbani kwa mbu, ukiwa wazi, na mtu anayempenda ameushika asije akajigonga kichwa. Mama Mbu akamtazama mumewe kama mtu aliyetukanwa.

"Nani amesema naacha?"

"Si hata mimi asubuhi uliniambia hujui?"

"Wapole wana ndugu zao maabara nyingine, mbali, lakini wapo. Wataombwa mayai, yataletwa, nitaanza upya. Nitachelewa, sawa, nichelewe!" Akanyamaza, kwa sababu alijisikia anasema kwa sauti yake ya mwaka jana. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kwenye meno, na mtu hakasirikii kitu asichokitaka.

"Kwa hiyo unaitaka," Baba Pacha akasema taratibu.

"Naitaka." Akafuta uso kwa kiganja. "Naitaka, na wewe chumbani mwangu usikanyage tena."

"Sikanyagi."

"Hata nikifa."

"Hata ukifa."

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa. Mkuu wa Idara mwenyewe alisimama hapo, kikombe mkononi, kimebaki mashapo.

"Chai imekwisha," akasema.

Mama Mbu akaingia nyuma yake, macho mekundu, akijikuna. Alikuwa na neno lake tayari mdomoni, na mbele ya neno hilo aliweka lingine, la kumwomba Profesa radhi kwa magoti mawili. Akamtafuta.

Koti la suti halikuwepo. Kiti kilikuwa kitupu, kimerudishwa vizuri chini ya meza.

"Msimamizi wako amejiondoa," alisema Mkuu wa Idara. "Amesema hana kinyongo. Lakini mtu anayeweza kumdhania vile mbele ya watu, hawezi kumsimamia. Ametoka kwa mlango wa nyuma."

Pangaboi lilizunguka. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Nauliza mara ya mwisho. Bado unaitaka?"

Mkono ulimwasha mpaka mfupani. Aliukamata kwa mkono wa pili, akaubana.

"Naitaka."

Mkuu wa Idara akazungusha macho mezani, mtu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alichungulia ndani ya kikombe. Mmoja alitazama pangaboi. Mmoja alianza kufuta maji yaliyomwagika, ambayo yalikuwa yamekauka zamani. Mkuu alipofika mwisho wa meza aliivua miwani ikaning'inia kwenye mnyororo wake.

"Chini ya nani?" akauliza.